Kaseti ya Kuchekesha Katika Nyumba ya Eda

Nyumba ya Bibi, kule Gazi, ilikuwa nyumba ya harufu. Asubuhi ilinuka moshi wa kuni na chai ya tangawizi, adhuhuri ilinukia nazi, na jioni, Bibi akishaoga, ilinukia udi na asumini mpaka mpita njia akajua kwamba mwenye nyumba amejipamba. Halafu Babu akafa, Bibi akakaa eda, na harufu zikaondoka. Mjane aliye katika eda hajitii manukato, hapaki wanja wala hina, haendi harusini wala matembezini. Hukaa ndani na nguo zake zisizo na mapambo mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Hayo nilielezwa na nikayaelewa, ingawa nilikuwa darasa la nne tu. Nisichokielewa ni kwa nini hata mchuzi ulikuwa haunukii. Nilidhani nao umewekwa eda.

Babu alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu na sare za shule pale barazani, lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kumchokoza Bibi. Kila sahani iliyowekwa mbele yake aliitazama kwanza kwa huzuni, akauliza, "Leo umepika, au umechemsha maji tu?" Kisha akala, akaomba aongezwe, akala tena. Bibi naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alimjibu kwamba kilichopungua si chumvi bali meno, na kwamba kama angejua anaolewa na mdomo mtupu angebaki kwao Jego akalima mpunga. Sisi wajukuu tuliingizwa katika vita hivyo tangu tungali wadogo, maana kwetu mjukuu ana haki ya kuwatania babu na bibi yake kwa maneno ambayo akimwambia mzazi wake atachapwa. Babu aliniita mkewe mdogo. Bibi akaniita mke mwenzangu, na kila aliponituma kisimani alinionya nisifikiri kwamba ujana wangu utanipa cheo katika nyumba ile. Nililelewa kwa kejeli na mapenzi katika sahani moja, nikadhani nyumba zote ziko hivyo.

Baada ya maziko alikuja Shangazi Mwanasha, dada mkubwa wa baba yangu, kutoka Msambweni, ili amhudumie mama yake. Shangazi alikuwa mwanamke wa kanuni. Alituketisha sisi watoto mkekani akatuambia kwamba nyumba hii sasa ni ya msiba, hatutaki kusikia vicheko, wala mtu asimletee Bibi utani wake. Alisema hivyo kwa nia njema, nasi tukatii. Nyumba ikanyamaza. Mvua za El Nino zilikuwa zimeanza, barabara imekatika mahali pengi, na sauti pekee iliyosikika siku nzima ilikuwa maji yakidondoka kutoka kwenye makuti. Bibi alikaa chumbani na tasbihi yake. Chakula kilipoingia kilitoka karibu kama kilivyoingia, matonge mawili au matatu yamemegwa pembeni kwa adabu. Shangazi alibadilisha mapishi, akapika wali wa nazi, akapika uji wa mtama, akapika samaki aliopenda Bibi, yote yalirudi. Mikono ya Bibi ilikonda mpaka bangili zisizokuwapo zikaonekana kwa alama zake tu. Hakuniita tena mke mwenzangu. Aliniita kwa jina langu, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto wa jirani. Niliogopa sana. Nilijua kwamba Bibi atamfuata Babu, na nilijua kwamba watu wazima nao wanajua ila hawasemi.

Wakati huohuo Ami Salimu, mdogo wake baba, alirudi nyumbani kutoka Diani. Alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli mojawapo ya ufukweni, lakini baada ya vurugu za Likoni wageni waliikimbia pwani, na wafanyakazi wakaambiwa wasubiri nyumbani mpaka waitwe. Alikuja na begi, redio yenye mahali pa kaseti, na kaseti moja. Kaseti hiyo alipewa na baharia mmoja mweusi wa manowari ya Kimarekani, aliyelala hotelini siku chache meli ilipokuwa Mombasa. Ami alitegemea bakshishi. Baharia akamshika mkono kwa furaha, akampa kaseti, akaenda zake. Hadithi hiyo Ami aliisimulia kwa uchungu kila mara, kisha akaibonyeza redio.

Ilikuwa kaseti ya rap, ya vijana wa kusini mwa Marekani, na ilikuwa ya kuchekesha tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi yake ilikuwa imelowa ikabaki wino mtupu, kwa hiyo nyimbo tulizipa majina sisi wenyewe. Upande wa kwanza ulifunguliwa na wimbo wa Gari Bovu: mtu anawasha gari haliwaki, mwenzake analiigiza kwa mdomo likikohoa na kupiga chafya, na kila linapokaribia kuwaka ngoma inaingia, kisha linazima na ngoma inazima nalo. Kulikuwa na wimbo wa Vyakula, ambamo kijana alitaja kila kilichokuwa mezani, na hata mimi nilitambua kuku, samaki na viazi vitamu. Upande wa pili ulikuwa na wimbo wa polepole, sauti nzito kama ya imamu mwenye mafua, wa mtu anayejisifu utajiri huku nyuma yake mlango unagongwa na watu wanaomdai. Lakini bora kuliko zote haukuwa wimbo hasa. Ulikuwa ni mazungumzo ya simu kati ya kijana na bibi yake. Kijana anasema neno moja, bibi anamwaga ishirini. Ngoma inacheza chinichini, jogoo anawika mahali fulani nyuma, na bibi hasimami hata kuvuta pumzi. Sauti yake tuliijua. Huko kusini kwao, kumbe, nako kulikuwa na mabibi kama wa kwetu.

Ami alijivunia Kiingereza chake, na kwa kweli hotelini kilimtosha. Kile cha kwenye kaseti kilimshinda. Kilivutwa kama mpira, maneno yalianza na hayakumalizika. Lakini mtu aliyekwisha kutusimulia jinsi alivyozungumza na Wazungu wa kila nchi hawezi kuwaambia watoto kwamba hajaelewa. Kwa hiyo alitufasiria, barazani, kwa sauti ya chini, Shangazi akiwa jikoni, na tulicheka tukiwa tumeziba midomo kwa mikono.

Alasiri moja mvua ilikuwa kubwa, na Ami alilazimika kuongeza sauti ya redio. Ilipofika zamu ya bibi wa kwenye simu, Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Salimu, huna haya? Baba yako hajakauka kaburini, wewe unatuletea muziki nyumbani? Zima!"

Ami aliunyoosha mkono kuzima. Hapo sauti ikatoka chumbani, dhaifu, lakini ni ile tuliyoizoea.

"Mwache. Huyo mwanamke anayegomba ni nani?"

Shangazi alisimama palepale. Ami akatuangalia sisi, akamwangalia dada yake, akasogea karibu na pazia la chumba.

"Ni bibi mmoja wa Amerika, Mama. Anamgombeza mjukuu wake."

"Kwa kosa gani?"

Nilimtazama Ami usoni, nikaona kwamba hajui. "Mjukuu amekataa chakula chake," akasema. "Anasema hakina chumvi. Bibi anamwambia, babu yako alikila miaka yote hakufa kwa chakula changu, alikufa kwa ahadi ya Mungu."

Jogoo wa kwenye kaseti akawika.

"Na huyo jogoo?"

"Ni wake, Mama. Amempa jina la marehemu mumewe. Anasema anapiga kelele tangu alfajiri wala hatagi."

Chumbani kukasikika kitu ambacho mwanzo nilidhani ni kikohozi. Shangazi aliutupa mwiko akakimbilia ndani, nasi tukamfuata mlangoni. Bibi alikuwa ameketi kitandani, ameuinamisha uso kwenye leso, mabega yanatikisika. Alipoinua kichwa machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

"Mama, watu watasemaje?" Shangazi akanong'ona. "Uko edani."

"Mwanasha, mwanangu, eda imenikataza udi. Imenikataza kutoka. Kucheka haikunikataza." Alijifuta macho. "Salimu, huyo mwenzangu, mumewe alipokufa, yeye anakula?"

"Anakula, Mama," Ami akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anakula huku akigomba."

Bibi akasema aletewe chakula. Shangazi akaleta wali na mchuzi wa samaki. Bibi akalitia tonge mdomoni, akatafuna, akaitazama sahani kwa huzuni, akamgeukia binti yake.

"Leo umepika, au umechemsha maji tu?"

Shangazi akaangua kilio pale pale, mbele ya watoto, jambo ambalo sikupata kuliona tena. Bibi akala, akaisafisha sahani, akaniambia, "Mke mwenzangu, unashangaa nini? Niongeze." Nilikimbia jikoni nikiwa nalia na kucheka kwa pamoja, nikamwaga mchuzi njiani.

Kuanzia siku hiyo kaseti ikawa dawa ya alasiri, baada ya sala. Sauti iliwekwa chini ili majirani wasipate la kusema, na mawe ya redio, yaani betri, yalipoanza kuchoka tuliyaanika juani kila jua lilipochungulia. Bibi alichagua nyimbo zake. Gari Bovu aliuita ugonjwa wa baba mkwe wake, aliyekuwa akikohoa hivyohivyo. Wimbo wa Vyakula ulimfanya aulize kama watu hao wanajua bamia, na Ami akaapa kwamba wanaijua. Wa tajiri anayedaiwa hakuupenda. Alisema mwongo anachekesha mara moja tu. Kuna mahali pengine Ami hakufasiri, alikohoa tu, na sasa ninajua kwa nini. Lakini mazungumzo ya simu yalipigwa kila siku, na kila siku Ami aliyafasiri kwa kuongeza kidogo, na Bibi akamjibu yule mwenzake wa Amerika kupitia pazia. Shangazi alikuwa akipita na ndoo, akipita na ungo, uso mkavu. Eda ilipokwisha Bibi alioga, akavaa kanga mpya, akafukiza udi, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuacha hata siku moja kulalamikia mapishi ya watu.

Leo nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari, Msambweni. Kaseti ilikwisha, utepe wake ukaliwa na redio, na nyumba ya makuti imejengwa upya kwa matofali na mabati. Ami yuko Ukunda na biashara yake. Siku moja, nikiperuzi simu, niliiona picha ya vijana wawili wakiwa wameegemea gari kuukuu, nikaibonyeza bila kutarajia kitu, na likakohoa lile gari. Niliisikiliza albamu nzima na vipokea sauti masikioni, mara hii nikielewa kila neno. Gari Bovu bado ni mzuri kupita kiasi. Wa tajiri anayedaiwa ni mzuri kuliko Bibi alivyoujua, na nimesikitika kwamba hatukuweza kumpa haki yake. Na yale mazungumzo ya simu hayana chumvi, hayana marehemu, hayana msiba. Bibi yule anamgombeza kijana kwa kumrudishia gari lake bila petroli na viti vinanuka samaki wa kukaanga. Jogoo hana jina. Inachekesha kweli, lakini niliizima nikiwa na hasira, kama mtu aliyeibiwa. Hadithi iliyomrudisha Bibi mezani haikuwamo katika kaseti hata kidogo.

Mwezi huohuo Shangazi Mwanasha alifiwa na mumewe. Yeye sasa ni mzee kuliko Bibi alivyokuwa siku zile, na amekaa eda katika nyumba yenye umeme, televisheni imefunikwa kitambaa. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta binti yake jikoni akitazama sahani iliyorudi. Niliijua sahani hiyo. Niliingia chumbani, nikampa shikamoo, nikaketi kitako karibu na kitanda, nikaitoa simu. Bibi wa kwenye simu akaanza kugomba.

Shangazi alisikiliza na macho yake ukutani. "Anasema nini?" akauliza.

Nina shahada ya lugha hiyo. Nikamwambia kwamba mjukuu amekataa chakula kwa sababu hakina chumvi, na bibi anamwambia babu yako alikila miaka yote, alikufa kwa ahadi ya Mungu, na kwamba tangu mumewe afe yeye anakula huku akigomba.

Aliyaondoa macho ukutani, akaitazama simu.

"Umemruka jogoo," Shangazi akasema.

Nikairudisha nyuma, nikaanza upya.