Picha za Mtu Asiyejua Anapigwa Picha

Rosebella Nanjala alifundishwa kupiga picha na marehemu mumewe, kisha akamzidi. Studio yake ilikuwa chumba kimoja mjini Kakamega, chenye pazia lililochorwa ndege ya abiria. Miaka ile ya sabini, miwa ilipoanza kulipa, wakulima walimjia wakiwa na makoti mapya na redio mapajani. Wakikaa mbele ya kamera, walikunja nyuso kama watu wanaosomewa mashtaka. Rosebella hakuwalaumu. Yeye mwenyewe, kwenye picha ya harusi yake, anaonekana kama aliyekuja kudai fidia.

Siku moja mwalimu wa Kimarekani aliyefundisha chuo cha Sigalagala alimwachia gazeti la kwao. Kurasa nne zilikuwa za rais wao mstaafu, akiwa nyumbani na familia. Rais amesinzia kitini, soksi imetoboka kidoleni. Mkewe, kitambaa kichwani, anamcheka. Binti yao anatafuna, shavu limevimba.

"Walimpiga hizi bila ruhusa?" Rosebella aliuliza.

"Kwa ruhusa," mwalimu alijibu. "Ila hakujipanga."

Rosebella alizibandika ukutani. Wateja walizitazama kwa huruma. Wengi walidhani mzee wa watu alifilisika alipotoka madarakani.

Cornelius Shitanda, mwenye ekari kumi na nane za miwa, alielewa vingine. "Huyu ameshiba," alisema. "Mtu akifika hapo hahitaji tena viatu. Nataka kama hizi, mimi na familia. Picha za mtu asiyejua anapigwa picha. Njoo Jumamosi, saa nne kamili."

Jumamosi, saa nne kamili, familia nzima ilikuwa tayari kutojua. Cornelius alikaa sebuleni peku, lakini na tai. Watoto watatu walipangwa kwa urefu, wakisubiri ishara ya baba ili wacheke ghafla. Mkewe, Teresa, alitakiwa kuleta chai bila kuiona kamera.

"Umeiona!" Cornelius alimkemea.

"Si imesimama mlangoni, Baba Phineas? Nipitie wapi?"

"Rudi. Uje kama mtu anayeleta chai tu."

Teresa alikuja mara tano. Kufikia hapo watoto walikuwa wamecheka ghafla mpaka mdogo akaanza kulia. Cornelius akatangaza kwamba kazi imekwisha, akashusha pumzi, akapiga funda kubwa la chai iliyopoa kama maji ya mto. Yote akaitema kwenye tai. Teresa alicheka hadi akakaa sakafuni, akashikilia goti la mumewe ili yeye mwenyewe asianguke chali. Cornelius alijaribu kukasirika, akashindwa. Akacheka naye, meno yote nje, pamoja na lile pengo alilolifunika kwa mkono kanisani miaka yote.

Rosebella alikuwa amebakiwa na picha moja kwenye filamu. Akabonyeza.

Alipoisafisha, aliitazama kwa muda mrefu. Kwa miaka kumi na moja ya kazi hakuwa amepata nyingine kama hiyo. Aliiweka juu ya zile nyingine, akidhani anampa mteja zawadi.

Cornelius aliishika kwa ncha za vidole. "Hii ni nini?"

"Ni wewe, mzee."

"Hii ni ajali. Watu watasema pesa ya miwa imenipanda kichwani."

Akachagua ile ambayo watoto wamekenua kwa mstari, naye anatazama dari kwa utulivu mkubwa. Akaagiza ikuzwe, iwe kubwa kama dirisha.

Wageni wake waliipenda. Kabla mwaka haujaisha, wakulima kutoka Bukura hadi Mumias walikuwa wakija studio kuvua viatu. Rosebella aliwafundisha: tazama kucha, tazama paa, jifanye umeitwa. Kazi haikuwahi kumwendea vizuri hivyo, na kila alipofunga mlango alijisikia kama muuza maziwa aliyetia maji.

Siku ya soko Teresa alikuja peke yake, na kuku kikapuni.

"Ile aliyoikataa bado unayo?"

Rosebella akaitoa kwenye droo. Teresa akaitazama, akatabasamu.

"Huyu ndiye niliyeolewa naye. Huchekanga hivi, lakini mlango ukiwa umefungwa."

"Utaiweka wapi asiione?"

"Kwenye kabati la vyombo. Hajawahi kulifungua tangu tuoane."

Akamwachia yule kuku, akakataa katakata kumrudisha nyumbani, akaenda zake. Wateja wawili walikuwa wakingoja, peku tayari. Rosebella aliwaambia warudi kesho, akaenda kutafuta kisu.