Boksi Nililolifunua Mimi

Hili nimelificha sana, hata mume wangu anajua nusu tu. Mimi ni mwalimu wa bailojia, miaka kumi na moja nameza vumbi la chaki huku Kilema, na kilichoniaibisha ni kiherehere changu mwenyewe.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, Neema, analelewa na bibi yake, na huyo mtoto akichezea karatasi za litmus aliona kwamba ule mmea wa majani manene tunaoupanda kwenye makopo barazani (ule ambao jani likidondoka linaota lenyewe) alfajiri una asidi na jioni hauna, akaja mbio kuniuliza. Nikamweleza kwamba usiku kuna kimeng'enya kinaamka ndani ya jani, kinasaidia kugeuza hewa kuwa asidi, jua likitoka kinapumzika na ile asidi inatumika. Basi akapima wiki tatu, kila alfajiri na jioni, na baridi yote ile ya mlimani, mpaka tukaalikwa maonyesho ya sayansi Moshi mjini, ambako mshindi angepelekwa shule ya bweni yenye maabara ya kweli (yetu ni kabati moja, na ufunguo umepotea).

Siku yenyewe alileta makopo mawili, moja wazi, jingine ndani ya boksi la sabuni, limefunikwa tangu kungali giza.

"Madam, hili tusilifunue mpaka zamu yetu. Likikaa juani asidi inaisha."

"Sawa, sawa," nikajibu, macho kwenye simu.

Yeye akaingia ukumbini na wenzake, mimi nikabaki nje na mizigo, nikachungulia boksini, nikaona majani yamenuna, nikasema majaji watadhani mmea unaumwa, nikautoa nikauweka juani upate afya. (Mwalimu wa bailojia, jamani!) Tulipoitwa saa saba nikaurudisha, nikafunika vizuri kama ulivyokuwa.

Neema alieleza vizuri mpaka ukumbi ukatulia. Jaji akaponda jani hili na lile, akapima, karatasi zikatoka rangi moja.

"Binti, hili jaribio ulilifanya kweli, au umenakili tu?"

Watu wakacheka. Neema akanigeukia. Mae! Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, na badala ya kusema, nikajichekesha: "Watoto hawa, labda alikosea kupima."

Njia nzima alipakata boksi lake tupu, makopo ameyaacha ukumbini.

Siku nne sikupata usingizi. Ya tano nikakata jani la isale mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo kama tunavyofanya huku mlimani tukiomba radhi, nikaenda kwao. Bibi yake alishangaa, mtu mzima kumpelekea mtoto isale, lakini nilipiga magoti, nikakiri yote huku nalia.

Isale haikataliwi. Neema akaipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Madam. Ila bailojia nimeacha."

Kesho yake nilimwandikia jaji barua kukiri kosa ni langu, na tangu hapo mwanafunzi akiniambia usifunue, sifunui. Lakini kipindi changu kikifika, Neema anabeba daftari lake, ananiamkia shikamoo kwa adabu zote, anakwenda darasa la historia.