Viatu vya Dawa ya Zambarau

Nilimchorea Cucu viatu kwa dawa ya zambarau, na nilivichora vizuri. Hilo la kuvichora vizuri ndilo linalonisumbua. Ningekuwa mchoraji mbaya, watu wangedhani ni dawa imemwagika tu.

Ilikuwa hivi. Kwenye kituo cha misheni kilicho chini ya Gatitu, sisi wa darasa la kipaimara tulitakiwa kufanya kazi ya huruma kila Jumamosi. Wenzangu walipewa kazi za watu: kufyeka nyasi, kupanguza madirisha ya kanisa, kupaka chokaa mawe ya njiani. Mimi nilipewa miguu. Mama ndiye aliyeniombea kazi hiyo, kwa sababu nilikuwa nimemwigiza Fadha anavyopiga chafya katikati ya mahubiri, na benchi nzima ya wavulana ikatolewa nje. Alimwendea Sista wa dispensari akamwambia, "Huyu mpe kitu ya kumfunga mdomo." Sista akanipa karai.

Wenye funza walikuwa wanakaa kwenye benchi nje ya dispensari. Mimi naosha miguu kwa maji moto yenye chumvi, Sista anatoa funza kwa sindano, halafu nakausha na kupaka dawa ya zambarau kwa kijiti kilichozungushiwa pamba. Dawa hiyo ikishika ngozi haitoki leo wala kesho. Kuhusu harufu sitaandika, maana huenda unasoma ukila.

Cucu hakuwa nyanya yangu wa kuzaliwa. Kwetu kila mwanamke mzee ni cucu, na cucu ana ruhusa ya kumwita mvulana mume wake, na mvulana ana ruhusa ya kumtania. Huyu aliitumia ruhusa hiyo yote bila kubakisha. Aliishi peke yake ng'ambo ya mto. Mwanawe alikuwa amekwenda Nanyuki kutafuta kazi na hakuonekana tena ila Krismasi moja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hivyo watu aliwajua kwa sauti. Na miguu yake haikuwa imewahi kuingia ndani ya kiatu. Maisha yake yote alibeba nduma za kuuza hadi soko la Karatina miguu mitupu, mpaka nyayo zikawa kama ubao wa kukatia nyama.

"Mume wangu," aliniambia Jumamosi ya kwanza, akitia miguu ndani ya karai, "hii maji ni ya kuosha mimi ama ya kunyonyoa kuku?"

"Ni ya kuku, Cucu. Wewe tumekuazima tu."

"Basi anza na hiyo kichwa yako, iko na manyoya mingi."

Benchi nzima ilikufa kwa kicheko, na mara hii si mimi niliyewachekesha. Nilimpenda mwanamke huyo papo hapo. Nikaanza kufika mapema kabla Sista hajawasha jiko, na mama akashuku nimeiba kitu huko. Miguu ya Cucu niliijua kuliko kitabu chochote cha shule. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda jirani yake, na kisigino cha mguu huohuo kilikuwa na kidonda ambacho Sista alikiangalia kwa muda mrefu.

"Huyu asikose hata wiki moja," aliniambia kando. "Umesikia? Hata moja."

Nilisikia.

Sasa, Jumamosi iliyotangulia sikukuu ya parokia, Cucu alikuwa na furaha. Alisema kesho atapita mbele kupokea komunyo pamoja na wale wanaume wanaovaa viatu vya kulia kwi-kwi sakafuni.

"Na mimi, mume wangu, utaninunulia lini?"

"Leo," nikasema.

Sista alikuwa ameingia ndani. Nikachovya kijiti. Nikachora kiatu cha mwalimu mkuu wetu, kile cha kamba, na matundu yake pande zote mbili, na fundo juu lililokaa kama kipepeo. Kisha nikaongeza soksi za shule zenye mistari miwili. Waliokaa kwenye benchi walikuwa wamejishika mbavu. Kidonda nilikizungushia vizuri, kikawa sehemu ya kisigino cha kiatu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Cucu. Nimekufunga hata kamba."

"Asante. Sasa nikikutoroka hutanishika."

Alidhani ni maneno tu. Tulikuwa tunasema mengi.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi nje. Alipotoka kwenye benchi yake akaanza kupita katikati, watoto ndio walioanza. Halafu wavulana wetu. Halafu kicheko kikapanda kwa watu wazima, kile cha kubanwa puani, na Fadha akageuka na kikombe mkononi asijue kumetokea nini. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa upande wa akina mama, ameinama, leso imeziba mdomo, mabega yanatikisika. Nikajua analia kwa aibu yangu.

Na Cucu, aliposikia watu wanacheka, akacheka pia. Hakujua ni nini, lakini aliona afadhali asiachwe nyuma. Alifika mbele akitabasamu, akafungua mdomo kupokea.

Nje, mtoto mmoja akamwambia. Nilikuwa karibu, nikaona. Aliinama, akatema mate kidoleni, akasugua. Akasugua tena. Kisha akakaa chini kwenye nyasi akafunika miguu yake kwa shuka aliyojifunga, akakaa hivyo mpaka watu wote wakaondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Sikwenda.

Nyumbani nilingoja fimbo. Haikuja. Mama alinipakulia githeri, akageuka akaendelea na vyombo. Wiki nzima hakusema lolote kuhusu jambo hilo, na mimi ambaye hushindwa kukaa dakika moja bila kuropoka, nikakaa kimya naye.

Jumamosi Cucu hakuja. Sista alitazama njia ya mtoni, akanitazama mimi. Nikachukua karai ya nyumbani, nikafunga sabuni na chupa ndogo ya dawa kwenye kitambaa, nikavuka mto.

"Hodi, Cucu."

"Hakuna mtu."

"Nimekuja kuosha miguu."

"Mke wako alienda. Ati alipata viatu, akatoroka."

Nilisema samahani. Nilisema kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kile cha shule, labda mojawapo ingepita mlangoni. Mlango haukufunguka. Nilirudi Jumatatu baada ya masomo. Nikarudi Jumanne. Nilikuwa naketi kizingitini na kumsimulia upuuzi wa shuleni: mwalimu aliyekalia chaki, kuku aliyeingia darasani wakati wa hesabu akaonekana kuelewa kuliko sisi. Mlango ulibaki umefungwa. Ila siku ya kuku nilisikia amevuta pumzi puani, kama mtu anayekataa kucheka.

Halafu siku moja ya mvua mlango ulifunguka kidogo, na mguu ukatoka. Mguu tu. Wa kulia.

"Osha, uende," alisema kutoka gizani.

Nikauosha pale kizingitini, bila kuuona uso wake. Maji niliyokuwa nimeyabeba kutoka nyumbani yalikuwa yamepoa njiani, na hakulalamika, na hilo liliniuma. Michoro yangu ilikuwa bado inaonekana kwa mbali, fundo la kipepeo limefifia. Niliusugua polepole. Sijui kama nimewahi kufanya kitu chochote maishani mwangu kwa uangalifu namna hiyo. Sikutafuta neno la kuchekesha. Nilitaka tu mguu ule uwe safi na mwenyewe apate usingizi.

"Na ule mwingine, Cucu?"

"Huo umelala."

Ikawa hivyo siku kadhaa. Wa kulia unatoka, wa kushoto umelala. Mpaka siku niliposikia harufu, na harufu ya miguu mimi naijua, na hii haikuwa ya funza. Nikasukuma mlango bila hodi. Alikuwa amefunga mguu wa kushoto kwa majani ya mgomba. Nilipoyafungua nilikimbia hadi misheni bila kupumzika, na Sista akaja na Lendrova mpaka mtoni, na mimi na wanaume watatu wa misheni tukambeba kuvuka.

Kwenye hospitali ya mjini walisema ana sukari kwenye damu, na mguu umechelewa. Wakaukata.

Nilienda nikitoka shule, na karai yangu, wauguzi wakinicheka. Nilisimama mlangoni mwa wodi nikashindwa kuingia. Lakini alikuwa amesikia hatua zangu.

"Mume wangu, ingia. Kazi yako imepungua nusu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na yeye akacheka, tukacheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Kisha nikauosha ule uliobaki, kidole kwa kidole, nikilia ndani ya maji.

"Hiyo chumvi yatosha," alisema. "Uko na ile dawa?"

Nilikuwa nayo mfukoni.

"Nichoree moja. Kama ile. Waliniambia ilikuwa na kamba."

Nilichovya kijiti. Mkono ulikataa. Tone likaanguka kwenye shuka ya hospitali, doa la zambarau. Nikamwambia, "Kesho, Cucu. Kesho nitakuletea mkono mzuri."

"Kesho, basi. Na fundo usisahau."

Kesho yake kitandani kulikuwa na mwanamke mwingine, na shuka zilikuwa nyeupe.

Tulimzika ng'ambo ya mto. Mwanawe alikuja kutoka Nanyuki, amevaa viatu vizuri vya kamba, na mimi wakati wote wa sala nilitazama miti. Jioni niliitupa karai nyuma ya zizi. Nilikuwa nimeamua. Wafyeke nyasi, wapanguze madirisha, wanifukuze kipaimara, miguu ya watu sitaigusa tena.

Jumamosi ilipofika sikutoka kitandani. Nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Nilimsikia mama akitoka nje, akirudi, akiweka kitu sakafuni kilicholia kama bati. Alikaa pembeni ya kitanda. Nilingoja aniambie haikuwa kosa langu, ni sukari, ni mapenzi ya Mungu, yale ambayo kila mtu alikuwa ameniambia kaburini. Hakuyasema.

"Mimi sitakudanganya ati si wewe. Ni wewe kidogo. Na ni mimi. Siku ile kanisani nilicheka, mpaka nikaziba mdomo na leso. Sikukuchapa kwa sababu hiyo. Sasa amka, karai ni hii, nimeiosha. Watu wako kwa benchi."