Hodi Iliyomkojoza Mbwa

Mume wangu alimleta yule mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, amekifunga nyuma ya pikipiki, akaniambia hatakaa sana. Ni wa shamba letu la Mwera, akasema, ngedere na nguruwe wanamaliza mihogo. Atakaa hapa uani Makorora hadi akomae, kisha atampeleka. Nilimwambia mbwa simtaki. Akacheka. Hakuwahi kumpeleka. Presha ilimwangusha asubuhi akiwa anavaa viatu, na kufikia alasiri walikwishamzika. Mimi nikabaki edani na mbwa.

Nilikuwa na hasira. Waliokuja kunipa pole waliona nimeinamisha kichwa wakadhani ni subira. Haikuwa subira. Mjane aliye edani hatoki nyumbani kwake, kwa hiyo yule mbwa alikuwa mbele ya macho yangu kutwa nzima, naye alimkojolea kila aliyeingia.

Haja zake nyingine alikwishajua pa kuzimalizia, nyuma ya banda la kuku. Lakini mtu akipiga hodi tu, alikuja mbio, mwili wote unatikisika, akajilaza chali miguuni pa mgeni na mkojo ukamtoka huku anamtazama kwa furaha. Mume wangu ndiye aliyemzoeza hivyo. Kila akirudi alizima pikipiki nje, akampigia mluzi, akamwita kwa mbwembwe, mbwa akajikojolea, naye akacheka hadi akashika ukuta. Kusafisha nilisafisha mimi.

Na kwetu mkojo wa mbwa haufutwi kwa tambara yakaisha. Ni najisi nzito. Panaoshwa mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Mkeka, ndara, pindo la baibui, vyote hivyo. Nilifua mikeka ya msiba hadi kamba ya kuanikia ikakatika, na sikuwa na wa kunifungia nyingine, maana aliyekuwa akizifunga ndiye tuliyekuwa tukimlilia.

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alikuja kila siku kutoka Chumbageni. Yeye hodi yake inasikika mtaa wa pili. Hamalizi salamu yake ila ndara zimelowa. Basi ataenda kwenye pipa la maji, achote udongo, ajioshe huku anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba, ili majirani wajue nyumba ya kaka yake imekuwa nyumba gani. Mimi nimekaa barazani, meno yanauma kwa kuyabana.

Nilimpiga mbwa. Nilimpiga kwa fagio la chelewa. Alikojoa hata kabla fagio halijamfika, na kesho yake akakojoa zaidi. Niliendelea kumpiga ingawa niliona haisaidii, kwa sababu aliyenikasirisha nilikuwa simwezi tena.

Jirani yangu mfuga ng'ombe alinisikia. Siku bwana mifugo alipokuja kwake kuchanja, akamuuliza kwa niaba yangu, kisha akaniletea majibu akiwa anacheka.

"Amesema usimpige, mwenzangu. Si ujeuri, ni furaha na woga vimemzidi, bado mtoto. Akikua ataacha. Ila kwa sasa anayeingia apite kama hajamwona. Asimwite, asimtazame, asipige hodi, mpaka mwenyewe atulie."

"Asipige hodi?"

"Ndivyo alivyosema. Sijui huyo bwana mifugo kazaliwa wapi."

Nilijaribu mwenyewe kwanza. Asubuhi nikifungua mlango wa uani nilipita kimya, macho juu, nikaenda kuwasha jiko. Mbwa alinizunguka, akanusa kanga, akachoka, akakaa. Pakavu. Ndipo nikachuchumaa ubavuni mwake nikamsemesha polepole. Pakavu tena. Ikawa hivyo kila asubuhi, na fagio likarudi kwenye kazi yake.

Ila mimi ni mmoja. Nilipomweleza wifi yangu aje bila hodi, salamu tutapeana mbwa akishatulia, alinitazama kama nimemtukana.

"Niingie nyumba ya kaka yangu kimya kama mwizi wa kuku? Weye umefiwa na mume au umefiwa na akili?"

Nikamwambia mbwa wa shamba dini imemruhusu, na huyu ni wa shamba. Akasema hitma inakaribia, watu watakaa kwenye mikeka kusoma Kurani, na kijibwa kile hakitakuwepo. Mdogo wao atakuja kukichukua akakitupe jaani.

"Kaka alikosea kukileta," akasema.

Ningeweza kunyamaza kama siku zote. Hata mimi nilisema alikosea, nilimwambia usoni akiwa hai. Lakini kulisikia kwa mwingine kulinichoma.

"Basi usije," nikasema.

Kumwambia hivyo wifi yako, kwenye msiba wa kaka yake, ni jambo la kuzungumzwa mtaani mwaka mzima. Na lilizungumzwa. Hakuja kesho yake wala siku zilizofuata.

Alikuja Ijumaa baada ya swala, na mdogo wao nyuma yake ameshika kamba mpya. Hakupiga hodi. Alikuwa amenuna. Alinipita mimi, akampita na mbwa, uso juu, hana neno na yeyote. Shemeji naye kwa aibu akafuata kimya, anatazama viatu vyake. Mbwa alikwenda mbio, akanusa pindo la baibui, akazunguka mara mbili, akakaa. Wifi yangu alisimama kusubiri. Akainua mguu mmoja, akautazama. Akainua wa pili.

"Kinaumwa?" akauliza ukuta.

"Haumwi. Hukumsalimia."

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, baibui lake chini, mbwa hatua chache kutoka kwake, wote wawili wakavu. Baada ya muda akamwambia mdogo wake, bila kunitazama, kwamba kamba ya kuanikia ya shemeji yake imekatika, haoni? Amfungie hiyo.

Hitma ikasomwa. Wageni waliambiwa mlangoni na wifi yangu mwenyewe, kwa sauti yake ile ile, waingie kimya. Mkeka haukuoshwa hata mmoja.

Mbwa sasa amekomaa, hodi haimkojozi tena, na eda ikiisha nitampeleka Mwera mwenyewe. Kimebaki kitu kimoja. Pikipiki ikizimwa karibu na ukuta wetu, anainuka, anakimbilia mlangoni, mwili wote unatikisika, na mkojo unamtoka. Simpigi. Lakini hasira hunirudia yote, nzima kama siku ya kwanza, nami nachota maji, nachota udongo, naosha.