Maua ya Maboga Niliyoyamaliza Kurui

Nicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana aibu niliyoipata kijijini Kurui mwaka ule nilioolewa, hata leo nikiona ua la boga masikio yananichemka.

Tulikuwa bado chini ya Mwingereza, mume wangu akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, akaniacha kwa mama yake, mimi mwali nimetoka Kibaha najua kisamvu na mchicha, lakini maua ya maboga (wenyewe wanayapika kwa nazi, na ni matamu, nisiseme uongo) sikuwahi kuyachuma. Mama mkwe akanionyesha mara moja tu: ua lenye kiboga kidogo chini yake usiliguse, ndilo litakalozaa, lenye kikonyo kirefu kitupu chuma, hilo ni dume, halizai. Mimi nikashika hilo la halizai. Kila alfajiri, maua yakifunguka tu, nimeshafika kondeni, napekua majani tuta kwa tuta, silibakishi hata moja, moyoni nasema mkwe atajua amepata mchapakazi. Na kweli alinisifu, tena kwa majirani, kichwa kikavimba.

Viboga navyo vikaanza kugeuka njano na kudondoka, vingine havijafika hata ukubwa wa ndimu. Tulikuwa mwezi wa Rajabu, na nyumba ile ilijulikana kwa futari. Ramadhani watu walijaa barazani kwa sababu ya boga la nazi la mama mkwe. Sasa mwaka huo angewapa nini? Alikosa raha kabisa. Watu wakanong'ona kwamba shamba limepigwa jicho baya, na jina lililotajwa ni la Bi Tausi, mjane wa ng'ambo ya bonde, kwa kuwa maboga yake yalikuwa yananenepa. Nami (Mungu anisamehe) nikachochea, nikasema niliwahi kumwona amesimama njiani akiyatazama matuta yetu.

Basi mama mkwe akaita watu wasome dua ya kuondoa husuda, na Bi Tausi akaalikwa makusudi ili aisikie. Nami nikapika wali na sufuria nzima ya maua, niwaonyeshe ufundi wangu. Dua ikaisha, wanawake tukakaa jamvini uani, Bi Tausi akachota mboga, akaitazama kidogo.

"Haya yote umechuma wewe, mwanangu?"

"Mimi, bibi," nikajibu kwa maringo. "Kila siku nayachuma, halibaki dume hata moja."

Akarudisha tonge sahanini. "Sasa hao majike wazae na nani? Nyuki atawapelekea nini, na unga wote mmeula?"

Ule unga wa njano ulio ndani ya dume, ambao mimi nilikuwa naukung'uta na kuuosha kama uchafu, ndio unaotakiwa ufike ndani ya ua jike, usipofika kiboga hakishiki. Kumbe mama mkwe alidhani naacha madume machache kama wafanyavyo wote, wala hakuona haja ya kuniambia. Shangazi wa mume wangu akaanza kucheka, wengine wakafuata, lakini mama mkwe hakucheka, alimtazama Bi Tausi kisha akainamisha uso. Nilitamani kuingia ndani ya ile sufuria.

Alfajiri yake nikatumwa kwa yuleyule Bi Tausi kuomba maua dume, maana kwa mlo ule nilikuwa nimechuma hadi vitumba vya kesho yake. Alinijazia kikapu, akaja nami hadi shambani, akanifundisha kuligusisha dume katikati ya jike, ua kwa ua, na wapita njia wakiniuliza kama mahari ya maboga imeshalipwa.

Vikashika. Ramadhani ilipoingia, mama mkwe akanitwisha boga la kwanza, mchana kweupe, nipite katikati ya kijiji hadi kwa Bi Tausi nikamwombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliomba, nikalia. Yeye akalipasua lile boga, nusu akanirudishia, akaniambia niwahi futari.

Tangu hapo kila tuta naacha madume, na mtu akiniambia fulani ana jicho baya, kwanza nachungulia sufuria yangu.