Vitunguu Vyangu, Friji Yake

Picha niliiona kwenye kalenda ya wakala wa mizigo, ghorofa za juu za jengo la Tianxiu hapa Guangzhou, nikisubiri karatasi za mteja. Tulikuwa mwezi wa tisa, kalenda bado iko mwezi wa nne. Msitu wenye giza, na chini ya miti yote maua meupe yameinamisha vichwa kama watoto waliogombezwa. Nikayapiga picha kwa simu.

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kuuliza sijaacha. Nimeuliza Tanga, Mombasa, Dubai, na sasa hapa. Wiki nzima nilitafuta jina la maua yale. Waingereza wanayaita kengele za bluu, na yakiwa meupe bado wanayaita kengele za bluu. Kiswahili sikuona kama kina jina lake, ingawa ukungu wa Lushoto, nilikozaliwa, ungeyafaa.

Kilichonivuta zaidi ni kivuli. Nyuma ya nyumba tuliyopanga mtaa wa Xiaobei kuna kiuga chembamba kati ya majengo mawili, chini ya mti mmoja mzee wa longani. Jua linapita pale kama mtu aliyepotea njia, halafu linaondoka. Mchicha wangu ulirefuka ukafa. Pilipili ilikataa hata kuota. Haya maua, nilisoma, yanataka hivyo hivyo: kivuli, unyevu, majani yaliyooza. Nikaagiza. Vikaja vitunguu ishirini na vinne, ndiyo mbegu zake, vidogo, vyeupe, kama vimeshamenywa.

Shida ikawa baridi. Bila baridi ya miezi havichanui, na Guangzhou haina baridi hiyo. Watu wa nchi za joto huvifukia kwenye maranda yenye unyevu na kuviweka ndani ya friji mpaka Januari. Friji ilikuwa moja, na haikuwa yangu.

Ilikuwa ya dada niliyepanga naye. Si ndugu yangu, ni dada wa ugenini tu, mtu wa Unguja, mpishi. Wafanyabiashara walipanda kuja kula kwake mchana, na Ijumaa walijaa mpaka kwenye ngazi. Alikwisha kunivumilia mengi: uyoga niliouotesha bafuni, konokono kwenye beseni la kufulia.

"Nini tena hicho?" aliuliza aliponiona na mfuko.

"Vitunguu, dada. Nitavipanda Januari."

"Hata vitunguu vyako vinasubiri safari! Haya, weka chini huko, visiguse samaki wangu. Na siku nikiishiwa nitakopa, usije ukalia."

Nikacheka.

Kicheko hicho ndicho kinachonisumbua. Nilisema vitunguu kwa sababu sikujua neno jingine. Lakini nilikuwa nimeshasoma, tena mara mbili, kwamba mmea huu una sumu kuanzia jani mpaka mzizi. Ningemwambia, mfuko ungetoka siku ile ile. Nikajiambia nitauandika jina kwa kalamu nene. Sikuandika.

Ijumaa moja ya Desemba nilirudi mapema kutoka soko la Shahe, nilikokwenda kukagua marobota ya suruali za mteja. Harufu ya pilau ilinipokea mlangoni. Dada alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, ndoo mapajani, uso umekuwa wa rangi ya jivu. Mezani palikuwa na bakuli la kachumbari, na pembeni yake maranda yamemwagika.

"Vitunguu vyako hivyo," alisema. "Vinateleza kama bamia. Nikaonja, nikaonja tena. Nikasema labda chumvi haijakolea."

"Umewapa watu?"

"Hawajafika. Mpishi huonja kwanza, wewe hujui?" Akainamia ndoo.

Nilimwaga kachumbari, nikamshika kwapani, tukashuka. Kwenye ngazi tulikutana na wateja wawili wa kwanza, wamevaa kanzu, wametoka msikitini. "Leo hakuna chakula, gesi imeisha," dada aliwaambia, amesimama wima kabisa. Walipopita ndipo alipoegemea ukuta.

Hospitali daktari alikuwa msichana mwenye haraka. Nilimwambia, kwa Kichina changu cha sokoni, amekula kitu kibaya. Kitu gani? Nikaandika kwenye simu kwa Kiswahili: kitunguu. Simu ikatafsiri. Daktari akasoma, akanitazama, akaandika chakula kilichoharibika. Ningeweza kuiacha hapo. Dada alikuwa nyuma ya pazia, nasikia anatapika, na muuguzi amesema mapigo ya moyo yako chini. Pale ndipo nilipojua kwamba nikinyamaza mara ya pili naweza kumuua.

Neno la sumu kwa Kichina nalijua. Limeandikwa kwenye maboksi ya dawa ya panya tunayosafirisha. Nikalisema. Nikampa picha ya ua na kitunguu kimoja nilichokitia mfukoni wakati wa kutoka. Daktari alikipokea kwa glovu, na haraka yake ikabadilika, ikawa haraka nyingine. Wakamfungia waya kifuani, wakakaa naye siku mbili.

Alirudi amekonda shingo. Siku ya pili alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Daktari kaniambia ulimwonyesha picha. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaviweka."

Alitoa jiwe dogo kwenye mchele akaliweka mezani. "Nami nikasema nitakopa. Ukacheka."

Jioni ile alipopakua, wenzetu wa nyumba walikaa kwenye sinia moja kama siku zote. Mimi alinipa sahani. Imejaa vizuri, nyama yangu imo. Sahani peke yangu.

Mahali pengine nimeondoka kwa makosa madogo kuliko hilo. Begi langu halijawahi kuchukua zaidi ya nusu saa kufungwa. Safari hii kila nikilivuta naona ngazi zile, naye amesimama wima, anawaambia watu gesi imeisha. Nikabaki, na Januari nikavipanda vilivyosalia, chini ya mlongani.

Vilichanua vinne, mwezi wa nne, siku zile Wachina wanapokwenda kusafisha makaburi. Vyeupe, vichwa chini. Dada alitoka na beseni la maji machafu, akasimama.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo."

Aliinama, akanusa kwa mbali, mkono mmoja umeshika khanga kifuani. "Yananukia," alisema, kama anayekubali deni la mtu mwingine. Akamwaga maji upande wa pili, akaingia. Mchana nilikula kwenye sahani.

Mwezi wa sita joto lilikuwa limekausha majani yote. Nikavichimba. Havitachanua tena bila kupita kwenye friji, na friji ni yake. Sijaomba. Nimeviweka kwenye maranda, kwenye mfuko niliouandika SUMU pande zote mbili, chini ya kitanda changu.

Juzi nilikuwa napita jikoni, akaniita.

"Vile vitu vyako viko wapi?" Siku hizi haviiti vitunguu.

"Chini ya kitanda."

"Na joto hili?"

"Na joto hili, dada."

Aliitazama friji. Halafu akachukua kisu, akaendelea kukata vitunguu.