Kutambua, Si Kushauri

Tumemzika juzi mtu aliyenifundisha kuwa si kila mdudu wa ndani ni mende. Kazi yake ilikuwa kutambua wadudu na kuwapanga kwa koo zao, katika ofisi moja ya umma hapa mjini. Aliwapenda zaidi wale wa kale kabisa, wasio na mabawa na ambao hata babu zao hawakuwa nayo: vijidudu vya rangi ya fedha, vinavyotimua mbio ukifunua karatasi. Ningeandika kwa huzuni tu, lakini pale msibani aliyekuwa bosi wake alisimama akamwita marehemu "hazina yetu". Damu ilinichemka. Simtaji, mwenyewe anajijua.

Bosi huyo ndiye aliyemkemea marehemu mbele yetu wageni, siku alipoonya kuwa vijidudu vimeingia stoo ya majalada. "Kazi yako kutambua, si kushauri!" Ulipokuja wakati wa soko huria na ofisi kupunguza watu, marehemu alitangulizwa mlangoni. Chupa zake za wadudu, kazi ya ujana wake wote, zilitupwa jalalani ili chumba kipangishwe. Tulikuwa tumeanza kuona kuwa elimu isiyoleta kodi ni uchafu. Marehemu akaishia kuuza sabuni barazani kwake Magomeni.

Bosi naye akafungua duka la khanga la jumla Kariakoo. Siku moja nimekaa na marehemu, huyo anakuja, kwapani kabana khanga mpya zilizotobokatoboka, kopo mkononi.

"Za siku, mtaalamu? Hebu nitazamie, huyu mdudu gani?"

Marehemu alivaa miwani bila haraka. "Huyu wa kale, bosi. Nyuzi tatu mkiani, unaziona? Zingekuwa mbili, ningemweka ukoo mwingine. Anapenda wanga wa khanga mpya."

"Sasa namuuaje? Mzigo wote unaliwa, bwana!"

"Aa, hapo umenipita. Kazi yangu kutambua, si kushauri."

Khanga zile ziliuzwa kwa bei ya matambara. Mtasema marehemu alikuwa na kinyongo. Alikuwa nacho, na ninakisifu. Mtenda akitendewa huona kaonewa. Basi kabla hujatupa chupa za mwenzako, jiulize kopo lako utampelekea nani.

Baada ya mazishi bosi alinivuta pembeni. Wadudu wamerudi, je, namfahamu mtaalamu mwingine? Nikamtazama vizuri, kuanzia viatu hadi kofia.

"Nimekutambua, mzee," nikamwambia. "Kushauri siwezi."